Waridi la Jangwani Sebuleni

Shangazi, shikamoo.

Najua hutaitikia. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba shikamoo hairukwi hata kama mmegombana, na mimi siku hizi nimegombana na nusu ya ukoo.

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa Maili Moja, nyuma ya ndoo za maua zilizobaki. Jua la mwaka huu halina adabu. Lami inanuka, wauza maji wamekimbilia vibarazani, na maua yetu ndiyo kwanza yanacheka. Vinka zimechanua mpaka zinakera. Yale madogo ya kwenye makopo ya rangi, uliyoyaita wavivu kwa sababu hayafumbuki mpaka saa nne, nayo yameamka. Kwa hiyo jua sina ugomvi nalo. Wanaonichefua ni watu.

Nikueleze ilivyokuwa. Tulipoanua tanga kule Kurui tulikokuzika, tukarudi Kibaha kufungua nyumba yako, kila mtu aliingia uani akiwa na jicho la kuchagua. "Nachukua kumbukumbu," wanasema, huku wanashikashika ndoo kama wapo mnadani. Wale wale waliokuwa wakiita maua yako takataka za makopo! Mmoja alibeba bogenvilia mbili, moja kila kwapa, bado analia. Shangazi, nilitazama machozi yale nikasikia kinyaa.

Waridi lako la jangwani alilichukua mkweo Salma. Lile lenye shina nene kama kitambi, ulilolitoa Kurui kwa marehemu bibi likiwa kitawi tu, ukalikuza kwenye sufuria uliyoitoboa kwa msumari. Ulisema mbele yetu sote: "Siku nikiondoka, hili linirudie Kurui, likae juu yangu." Nilimkumbusha Salma. Akanijibu kwa upole, "Wifi, acha kwanza likae kwangu, lipumzike na jua."

Lipumzike na jua! Ua lililozaliwa kwa ajili ya jua. Nilimwachia kwa kuwa ulikuwa msiba.

Halafu mwezi uliopita akanipigia simu. "Wifi, njoo uone maajabu. Ua la mama linamfuata mwenyewe kaburini." Nikaenda mbio na kanga yangu ile ile ya kazini. Nikalikuta sebuleni, pazia limefungwa, feni inazunguka, limewekwa pembeni ya televisheni. Amelihamishia kwenye chungu cha kung'aa kisicho na tundu hata moja, eti maji yasichafue marumaru. Kila asubuhi anamimina jagi zima. Juu ya udongo yametuama maji ya kijani, ndani yake kuna majani ya chai, maganda ya karanga na kijiti cha meno, na viluwiluwi vinacheza humo bila wasiwasi. Na wageni wanakunywa soda hapo hapo!

Jirani mmoja alikuwa ameitwa kushuhudia. Akanionyesha shina, kuna ute wa kahawia unachuruzika. "Unaona? Hata machozi linatoa. Linamlilia." Salma akaitikia kwa kichwa, machozi yanamlengalenga.

Nikaligusa. Kidole kilizama kwenye lile shina kama kwenye papai bovu, na harufu iliyotoka ni ya mtaro. Wao wanaona muujiza, mimi nanusa uozo. Nilitaka kutapika, shangazi, na nilitaka nitapike kwenye zulia lake. Wamekuzamishia ua lako kwa jagi, halafu wanasema umeliita wewe. Yaani lawama wanamtupia maiti. Nikakusikia kabisa ukinong'ona vile ulivyokuwa ukiwaambia wateja: "Ua la jua haliuliwi na jua. Linauliwa na huruma."

Nikaomba kisu.

"Kisu cha nini, wifi?"

Nilikichukua mwenyewe jikoni. Nilikata tawi, ndani kahawia. Nikakata jingine, kahawia. Mikono yangu imejaa ule ute, nalia kwa hasira, jirani anasoma dua. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, maana hakuna mbegu yake nyingine popote, hiyo ndiyo mbegu ya bibi. Tawi la mwisho, la upande wa ukutani, fupi kama kidole gumba, ndilo nililolikuta ndani jeupe na gumu. Nikalifunga kwenye ncha ya kanga. Yaliyobaki niliyaacha pale pale juu ya marumaru yake ayafute mwenyewe. Sufuria yako niliikuta nyuma ya jiko, wameifanya bakuli la kuku.

Nilifanya ulivyonifundisha. Sikulichomeka mbichi. Nililiweka kivulini bila maji, bila udongo, mpaka kidonda kikakauka. Ndipo nikalitia kwenye sufuria yako, mchanga mwingi na vipande vya mkaa. Nikalisogeza juani nikaliacha. Kuliacha ndiko kulikonishinda kuliko vyote, kila nikipita mkono unataka kopo la maji. Juzi likatoa jani.

Basi jana nikalipeleka Kurui. Nikakuta kaburini kwako maua ya plastiki waliyoyafunga kwa waya siku ya arobaini. Yamebabuka, meupe kama mifupa, ukiyashika yanavunjika. Mwaka huu wote, maua pekee niliyoyaona yameuawa na jua ni ya plastiki. Nikacheka peke yangu pale, halafu nikalia sana. Nilimaliza kuyang'oa yote, waya umenichana vidole, ndiyo maana mwandiko wangu leo unakwenda kombo.

Sasa limekaa upande wa kichwani kwako, sufuria imezama nusu ardhini, jua linalipiga kutoka asubuhi. Lina jani moja tu. Mkweo ameshauliza nani atakuwa analimwagilia. Nimemwambia asithubutu.

Pumzika, shangazi yangu. Mola akupe kivuli wewe uliyewapenda wasiotaka kivuli. Nami nakuahidi nitakuwa nakuja Kurui na kopo langu, nitachomeka kidole kwenye udongo kama ulivyonionyesha, mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, nitalipa maji. Kikitoka na unyevu, nitaliweka kopo chini, nitakaa na wewe tu.

Mwanao,
Mwajuma