Askari Wote Sura Moja

Goma, mwezi wa tano 1956

Dancille, Mama Venansi,

Bado nakuita hivyo, usikasirike. Nafikiri huko Rutshuru munavuna maharagi sasa. Hapa mvua haikatiki, na jirani amefuga bata wanaotuchafulia mulango.

Muzungu wangu ameleta masanduku mengine ya askari wa kuchezea wa madini ya risasi, warefu kama kidole, wa vita ya zamani ya kwao Ulaya. Yeye na rafiki zake wanawapiganisha juu ya meza, na anataka niwapake rangi mbio mbio. Nawapanga kwenye ubao, napaka viatu vya wote, kisha makoti ya wote, mwisho nyuso. Nikikawia kwa mumoja, ananigombeza: “Usiangalie sura. Nukta mbili za macho, pita!”

Hata siku ile tulipomuzika Venansi, Muzungu alituma mutu kuniita. Nikarudi kwenye ubao, nawe ukapanda lori kwenda kwa mama yako. Sikulaumu.

Lakini sasa, Dancille, nikifunga macho nimutafute mutoto wetu, naona zile nukta mbili tu. Picha hatukumupiga hata moja. Kama hutaki kurudi, usirudi. Mwombe tu katekista anayekusomea barua hii aniandikie jibu lako: kile kishimo cha shavu, mutoto akicheka, kilikuwa upande gani?

Ni mimi bwana wako,
Sebagenzi