Nguruwe Asiye na Macho

Mwananyamala

Kaka Augustine,

Shikamoo. Huku mvua hazikatiki, na shemeji yako Yustina bado anauza vitumbua pale mlangoni.

Mie nimeacha kuchonga twiga na tembo. Sasa namchonga nguruwe wa kale, mkubwa kama ng'ombe, meno yamejikunja nje ya mdomo. Walishatoweka duniani zamani sana. Mteja alileta picha, Yustina akanielezea. Niliikubali kazi kwa sababu hakuna mtu hai aliyewahi kumwona, basi nani ataniambia nimekosea?

Jana mteja alikuja. Akamzunguka, akasifu meno, akasifu mgongo. Halafu akauliza, "Fundi, mbona hana macho?"

Nikapapasa kichwa chote, kaka. Nilikuwa nimeyasahau.

Daktari alishasema giza hili haliondoki. Ile picha ya mwanao niliisifu tu, sikuiona. Usitume nyingine. Njoo naye nimshike uso, kaka, njoo upesi, sijui kazi nyingine na ninaogopa.

Mwandiko huu ni wa Yustina. Tangu mwaka jana ni wa Yustina.

Mdogo wako,
Stephano