Ekzosi ya Mashua ya Baba Mkwe

Jumamosi, 6 Oktoba

Harufu ya mpira ulioungua. Tena! Niliinusa tukiwa katikati ya samaki, nikadhani ni Zubair, mvuvi mwenzetu, na sigara zake. Si Zubair. Nilishika mpira wa ekzosi nikauachia hapo hapo. Mpira ule unatakiwa uwe vuguvugu tu, mkono ukae juu yake bila shida, maana maji ya bahari yanapita humo pamoja na moshi. Maji yakipungua, moshi unabaki peke yake na mpira unapikwa. Ukitoboka, moshi wote unajaa chumba cha mashine, na bahari inaingia kwa nyuma. Chumba cha mashine nakaa mimi.

Nilichungulia nyuma ya mashua. Badala ya maji kutemwa, mvuke mweupe. Samaki walipoisha, maji yakarudi kutemwa kama kawaida. Mashine imeniona mjinga.

Baba mkwe — nahodha, na mwenye mashua — aliuliza kwa nini nimekunja uso siku ya neema kama hii. Jodari walijaa sitahani hadi hapakuwa na pa kukanyaga. Nikamwambia: ekzosi. Akasema ekzosi ni kazi yangu, samaki ni kazi yake, na yake ameshaifanya.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimefungua chujio la maji kabla ya kutoka. Nyasi za baharini, kipande cha mfuko wa plastiki. Nikafurahi! Nikasafisha, nikafunga, nikanywa chai yangu kwa raha.

Baharini, yale yale. Samaki walipopatikana, mpira ukawa moto. Samaki walipokwisha, ukapoa.

Jumatatu, 8 Oktoba

Leo pampu ya maji ya mashine. Ndani kuna kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi. Pezi moja limekatika. Nikaweka kipya, nikakitafuta kile kipande kilichokatika, maana kikizurura huko kinakwenda kuziba njia mbele. Nikakikuta kimekaa kwenye mdomo wa kipozeo. Nikafurahi tena. Nafurahi upesi mno, naona.

Niliiwasha mashine hapo hapo bandarini, nikaipa mafuta hadi mwisho. Mpira baridi. Wazee waliokaa kwenye viti vya wavu walikuwa wananitazama toka mwanzo. Mmoja akapaza sauti: "Fundi, huo mpira unavyoupapasa, mkeo anajua?" Wakacheka hadi tambuu ikawatoka.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimeufuatilia mpira siku nzima kwa mkono, kama muuguzi.

Tukitoka bandarini: baridi. Tukikamata dagaa wa chambo kwenye miamba: baridi. Tukikimbilia ndege wa baharini walipo: vuguvugu, sawa. Tumefika kwenye samaki, baba mkwe kapiga kelele, "Mvua!" — moto.

Mashine haina macho. Haijui kama kuna samaki. Lakini inaungua wakiwepo tu.

Jumatano, 10 Oktoba

Kiwiko cha ekzosi nimekitoa. Kutu na chumvi, tundu limebaki nusu. Nyundo, patasi, siku imekwisha. Mikono imechubuka. Hatukwenda baharini, na kila mtu bandarini ameniuliza kwa nini. Zubair hakuuliza. Alisema tu kwamba mashua nyingine zote zimetoka. Yeye hurusha ndoana nyuma kabisa, ndiye mwepesi kuliko wote, na siku bila samaki humkera kama jino.

Alhamisi, 11 Oktoba

Kiwiko safi. Moto vile vile!

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri, jambo ambalo ningelifanya Jumamosi ningeokoa ngozi ya vidole. Samaki wakiwepo, ni nini kingine kinachokuwepo? Mvua.

Kila mashua ya jodari hapa ina mvua: mabomba pembeni yanayorusha maji juu ya bahari, samaki waone kama dagaa wanarukaruka na wasituone sisi. Yetu ni mpya. Baba mkwe aliifunga wakati mashua imepandishwa nchi kavu, mimi nikiwa Male, mji mkuu, na mke wangu Nazima akijifungua mtoto wetu Lamha. Ni mvua kubwa kuliko zote bandarini. Hata watu wa kisiwa cha Thinadhoo wamekuja kuichungulia. Tangu siku hiyo tunawapita wote, na baba mkwe anatembea kama aliyeoa upya.

Nimelifuata bomba la pampu yake. Linazama chini ya tangi la dagaa, halionekani tena.

Ijumaa, 12 Oktoba

Hakuna kutoka leo. Baada ya sala nilikwenda peke yangu, nikang'oa mbao za chini ya tangi.

Pampu mbili, tundu moja la maji kwenye tumbo la mashua. Ile pampu kubwa ya mvua imeunganishwa kwenye bomba lile lile linaloingiza maji ya mashine. Mvua ikiwashwa, inayanyonya yote. Mashine inaachiwa mate.

Na kazi yenyewe ni nzuri! Maungio yamezungushiwa uzi wa kuvulia, safu juu ya safu, umepakwa lami. Mtu mmoja tu hapa hufunga hivyo. Na najua kwa nini hakutoboa tundu la pili. Kwao mashua ikishagusa maji haitobolewi tena. Baba yake alishika hivyo, babu yake pia. Mashua zao zilikuwa za mbao, hii ni ya plastiki ngumu, lakini mwiko umehamia nayo.

Nilirudisha mbao. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nilimwambia Nazima wakati anakuna nazi ya asubuhi, kabla ya adhana. Aliendelea kukuna. Kisha: "Mwambie. Ila usimwambie mbele ya watu, Baba Lamha. Nakuomba." Nikamuuliza, asiposikia? Akasema baba yake husikia kila kitu, tatizo ni kwamba huwa hajibu.

Nilimngoja baba mkwe njiani akitoka msikitini alfajiri.

"Baba, pampu ya mvua inainyang'anya mashine maji."

"Nani kakwambia?"

"Nimeng'oa mbao."

Akatembea kidogo. "Tangu niiweke, siku gani tumerudi mikono mitupu?"

"Hakuna. Lakini mpira utatoboka, Baba. Tutoboe tundu la pili tu, kazi ya asubuhi moja."

"Niitoboe mashua ili wewe ukae kwa baridi?" Akanipiga bega, si kwa nguvu. "Wewe ni fundi, mkwe wangu. Fundi hutafuta njia."

Njia ipo, ni tundu. Nimechoka na huyu mzee, na nampenda, na nimechoka naye.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimefanya.

Tulikuwa katikati ya kundi, juu wanapiga kelele za furaha, jodari wanaanguka sitahani juu ya kichwa changu, du, du, du, kila mmoja namsikia. Mpira ulianza kutoa moshi wake wenyewe. Si mvuke, moshi! Niliogopa. Naandika ili nisije kujidanganya baadaye: niliogopa sana. Nikafunga koki ya mvua.

Juu, du-du ikawa du moja. Kisha hakuna. Samaki wamekwenda zao.

Zubair alikuja na fimbo mkononi akaingiza kichwa. Aliyoyasema siandiki yote. Kwamba nimekata riziki ya wenzangu. Kwamba mwoga akae nyumbani abembeleze mtoto. Kwamba aliyenipa kazi ni mke wangu. Hili la mwisho liliniuma kwa sababu ni kweli.

Kisha baba mkwe akashuka. Sikumbuki lini mara ya mwisho aliingia humu. Hakunitazama. Aliuweka mkono wake juu ya mpira, akauacha pale. Mimi nilikuwa nimeutoa wangu mara moja, yeye aliuacha wake. Alipoutoa, kiganja kilikuwa chekundu, akakitazama kama cha mtu mwingine.

"Kesho utavua," akasema. "Mashine nitakaa nayo mimi."

Nazima amempelekea dawa ya kuungua. Amerudi nayo.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimekaa kando ya mfuniko wa chumba cha mashine, fimbo mapajani.

Tuliwakuta asubuhi hii. Kundi kama hili sijaliona tangu nioe, bahari inachemka! Walinipanga nyuma, karibu na Zubair, ili anicheke vizuri. Mvua ikawashwa. Wakaanza kuja. Unarusha, unavuta, jodari anapita juu ya bega lako, unarusha tena. Na nilisahau ekzosi. Kweli nilisahau. Ukiwa na fimbo huna mashine wala mpira, una samaki tu. Leo nimewaelewa hawa watu.

Kisha nikaona mvuke mweupe ukipanda chini ya miguu yangu. Mimi nilijua maana yake, wao hawakuangalia. Nikavuta mwingine. Na mwingine.

Mvua ikakatika ghafla. Halafu mashine yenyewe ikazimwa. Zubair akageuka akifoka, "We Shakir, umeanza te—" akaniona nimesimama ubavuni mwake. Hakuna aliyethubutu kumtukana aliyekuwa chini.

Nilifungua mfuniko, moshi ukanipiga usoni. Baba mkwe amekaa kwenye kiti changu, anakohoa, mkono ulioungua ameufunga kwa shati. Mkono mwingine uko kwenye koki ya mvua. Mpira umevimba karibu na kiwiko, haujatoboka. Nikamwomba apande apate hewa. Akasema nirudishe mfuniko, nisiwashtue samaki. Nimeuacha wazi kidogo.

Sasa tunaelea. Mrusha dagaa bado anawatupia kidogo kidogo, na jodari hawajaondoka. Wanapasua maji pale pale, karibu mno, ningeweza kuwatemea mate. Wenzangu wamesimama na fimbo zao. Naandika ili nionekane nina shughuli.

Anauliza toka chini, sauti imekauka: "Mkwe! Bado wapo?"

Zubair ananitazama mdomo.

Ameuliza tena. Namwona kupitia upenyo. Mkono haujatoka kwenye koki: nikisema wapo, ataifungua.