Sidii Iliyotundikwa Kondeni

Msambweni, Jumamosi, 18 Julai 1998

Nimeipata, baada ya kupekua hadi chini ya majamvi. Kompyuta imegoma tangu Alhamisi, na dawa yake ni kuiwekea upya programu inayoiendesha. Programu hiyo imo kwenye sidii moja tu, nayo ilikuwa haionekani. Mitihani ya darasa la nane ya Jumatatu imo kwenye disketi, lakini bila kompyuta nitaichapaje?

Leo asubuhi nilikwenda Munje kwenye konde letu la mpunga, nikaiona inaning'inia kwenye kamba, inametameta.

"Inafukuza ndege," akasema mke wangu, Mwanasiti. "Tangu niitundike, hata shomoro mmoja hajatua."

"Mwanasiti, hiyo ndiyo roho ya kompyuta!"

"Roho gani, Mwalimu, na ina tundu katikati? Mimi nilidhani ni kioo kibovu."

Nilicheka, nikaifungua. Nyumbani nimeiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, maana mikwaruzo ya kuzunguka ndiyo mibaya zaidi. Mara mbili mashine ilikwama ikisoma. Niliogopa, kusema kweli. Nikaiosha tena. Mara ya tatu imefika mwisho, na sasa printa inatoa ukurasa wa pili.

"Na mpunga wangu ataulinda nani?" Mwanasiti ameuliza.

Nimeshalitoa kombeo langu la zamani. Kesho tangu alfajiri nitaamia ndege mwenyewe.