Kurasa za Wino Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nakuomba radhi, daftari. Miezi minne bila neno. Sikuugua. Uvivu tu.

Mkwe wangu Rehema, mke wa mwanangu, amemaliza miaka miwili ya masomo ya utunzaji wa wagonjwa katika chuo cha hapa Edmonton, Kanada, huku akifanya kazi makao ya wazee. Sasa ameomba uuguzi chuo kikuu, aingie mwaka wa pili. Wakizikataa krediti zake, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kufaulu, ataanza mwaka wa kwanza. Amesema hataanza upya, ataacha.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma kanuni za chuo kikuu mara tatu. Kila somo la chuoni lazima lilingane na lao, mada kwa mada. Kufaulu pekee hakutoshi. Zimeandikwa vizuri, sikupata kosa. Ajabu: mtu aliketi akafikiri namna ya kupima elimu iliyopatikana kwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Jibu limekuja. Masomo yote yamekubaliwa isipokuwa mazoezi ya kazi. Wanataka daftari halisi la mazoezi hayo, lenye masahihisho ya mwalimu.

Mwaka jana nilimwamuru Rehema alinakili lote kwa mwandiko safi, kisha atupe kurasa zenye wino mwekundu. Shuleni kwetu kazi iliyosahihishwa haikuonyeshwa wageni.

Nimemharibia. Sijamwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekiri. Alikuwa anafunga kamba za viatu, anawahi basi. Akacheka.

"Baba, kwa ukali wako ule ningebisha? Nilisema ndiyo, nikazificha kurasa zile kwenye sanduku la pasi ya nguo."

Alinidanganya. Ni utovu wa adabu. Nimeshukuru.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimezisoma zote. Nyingine aliziandika ndani ya basi, mistari imeyumba. Katika ukurasa mmoja mwalimu ameuliza kwa nini hakumgeuza mgonjwa upande wa kushoto. Rehema ameeleza chini yake, mistari sita. Chini ya hiyo, wino mwekundu tena: "Hili sikulijua. Asante."

Nilifundisha miaka thelathini na sita. Sikuwahi kumwandikia mwanafunzi neno hilo. Niliushika ukurasa ule mpaka chai ikapoa.

Na huyu nilikuwa namfundisha usafi wa mwandiko.

Jumanne, 11 Machi

Kurasa zimepelekwa. Rehema yuko kazini; sare yake ya pili inakauka dirishani. Nakala safi nimezitupa mwenyewe.

Wakishaamua nitaandika hapa, wamkubali wasimkubali. Nikikosea neno, nitalikata kwa mstari na kuliacha lionekane.