Vitasa Nilivyoweka Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi

Mama Chiriku kapiga simu tena. Anataka kitasa kingine! Anasema kuna mtu anaingia ndani, anahamisha vikombe. Kile nilichomwekea juzi bado kinang'aa. Nikabeba mkoba wa vifaa, nikaenda.

Tangu tuachane, mlango ule ndio nafasi yangu ya kukaa na binti yangu. Nakaza skrubu polepole, naye ananishikia bisibisi na kunipigia porojo za shule. Mdomo hauna breki — ndiyo maana tulimwita Chiriku.

Leo hakusema kitu. Alikuwa anaangalia vikombe.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa wakili. Nimemwambia nataka mtoto aje kwangu, kichwa cha mama yake hakijatulia. Au nahisi hakijatulia, mimi si daktari. Ushahidi? Nikasema mlango! Vitasa juu mpaka chini, komeo, mnyororo. Akaandika haraka haraka, kafurahi. Kisha akauliza nani aliviweka.

Nani mwingine? Fundi ni mimi.

Kalamu ikasimama. Mahakamani wataniuliza, akasema: kama nilijua anaogopa mtu asiyekuwepo, kwa nini kila akiniita nilimpelekea kitasa? Nilijiona mjanja kweli, kumbe namchochea. Nimerudi dukani, nikaharibu ufunguo wa mteja, nikachonga mwingine, nao nikauharibu.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kaja dukani. Nimempa kiti, hakukaa.

"Mwanangu si kichaa, baba. Amechoka. Nyie wanaume mkishindwa kuishi na mtu, basi ana wazimu!"

Nikainamisha kichwa. Kuna ukweli ndani ya maneno yake, na umeniuma. Alipofika mlangoni akageuka, sauti imeshuka. Hata yeye alikwenda kugonga juzi. Aliwasikia wako ndani. Hawakumfungulia.

Jumatano, 13 Machi

Shule wamepiga. Chiriku hajaonekana wiki hii. Simu ya mama yake imezimwa.

Nimewapigia ustawi wa jamii: ofisa wao atakwenda Ijumaa mchana, nisitangulie. Wakili naye: nikiingia mle bila ofisa, kesi imekufa na mtoto nimsahau. Sawa. Lakini nakaaje? Sili, silali, kiguu na njia kati ya benchi na mlango. Nimefagia duka lililokwisha kufagiliwa.

Ijumaa, 15 Machi

Niko kwenye ngazi, nje ya mlango wao. Nimetangulia, ndiyo! Ofisa hajafika, simu yake inaita tu. Naandika ili mikono ipate kazi.

Nimegonga. Halafu nikasikia pumzi kwenye tundu la ufunguo, pumzi za mtoto.

"Nani?"

"Baba."

"Baba yupi?"

Nikamwambia ni mimi, wa bisibisi. Akaguna kidogo, kama anataka kucheka. Nikamuuliza amekula nini. Biskuti. Analala? Wanalala kwa zamu, yeye na mama, mmoja analinda mlango. Ana miaka saba!

Nyuma yake namsikia mama yake ananong'ona. Si sauti ya hasira. Anaogopa — anaogopa kweli kweli, na nimemhurumia, Mungu wangu.

Vitasa vyote hivi navijua. Mnyororo nao hauna ujanja. Mkoba uko wazi miguuni pangu. Nikifungua, mimi ndiye yule mtu anayeingia, kwake na kwa hakimu. Nisipofungua, mwanangu yuko mle.

Nimetoa bisibisi. Nimeirudisha. Nimeitoa tena. Ofisa hapokei!

Chiriku amerudi kwenye tundu. Amepewa ujumbe, anausoma kama shairi la shule: "Mama anasema, mtu mbaya atafungua mwenyewe. Baba wa kweli atasubiri."

Nikasema nitasubiri.

Hatua za mama yake zikaelekea jikoni. Kisha kwa sauti ndogo mno, mdomo umegusa chuma:

"Mpaka lini, baba?"