Ulinikataza Kuhesabu Mbuzi

Mpendwa ayeeyo, mama wa mama yangu,

Nakuandikia nikiwa ofisini Garissa. Ungekuwa hai ningepanda basi la Habaswein leo leo, nikae karibu na jiko lako mpaka uniulize mwenyewe nimefanya nini.

Unakumbuka likizo ile nilipomaliza darasa la tatu, nikajiona msomi? Mbuzi walikuwa wanaingia zizini, nami nikasimama langoni nikiwanyooshea kidole: mmoja, wawili, watatu. Ulinishika mkono. Uliniita ayeeyo, kama nilivyokuita wewe. "Ayeeyo, hesabu za shule wacha shule. Mali ya mtu haitajwi idadi, isije ikapungua." Nikauliza utajuaje mmoja akipotea. Ukacheka. "Kwani nyinyi wajukuu nawahesabu ndiyo nijue nani hajala?" Ukawatazama tu, na kweli, alikosekana yule mweusi mwenye sikio lililochanika.

Kwa hiyo nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ofisi yetu ilitengeneza programu ya simu ya wafugaji kuombea lori la maji. Mimi karani nikapewa kazi ya kuijaribu: kumkabidhi mtu simu, kunyamaza, na kuandika anapokwama. Niliwaita watu watano kutoka soko la mifugo hapa mjini. Ukurasa wa tatu unauliza, "Una mifugo wangapi?" Mzee wa kwanza alipofika hapo alinirudishia simu. Nikaogopa siku itaisha sina matokeo, nikamwambia kwa heshima ya mtu na baba yake mdogo, "Adeer, haya ni majaribio tu. Weka namba yoyote."

Uso ukamfunguka. "Yoyote? Basi andika ngamia elfu moja! Leo mimi tajiri, nani ataniamsha mapema?"

Tulicheka sote. Wanne waliofuata niliwaambia vivyo hivyo kabla hawajauliza. Wote walimaliza upesi. Nikaandika: hakuna aliyekwama. Nikatia sahihi.

Wiki hii programu imeanza kutumika kweli. Jana abti, mwanao wa mwisho, alinipigia kutoka malishoni. Wazee wote wa kambi yake wamekataa kutaja idadi, kila mtu kaandika mnyama mmoja tu, na programu imewajibu kwamba mifugo yao haitoshi kuletewa lori. Nikamsihi anitajie idadi ya kweli nimrekebishie.

"Wanakufa," akasema, "na wewe unataka niwahesabu?"

Kisha akaniambia kisima kimebaki tope.

Orodha ya watakaoletewa maji inafungwa leo saa sita mchana. Nilimweleza msimamizi wangu asubuhi. Alifunga kompyuta yake taratibu. "Jaza namba za kubuni kwa kambi ya mjomba wako, halafu unyamaze. Mkataba wako unaisha mwezi huu, unataka uongezwe au hutaki?" Nilirudi mezani nikafungua jina la abti. Nilikaa nalo muda mrefu, ayeeyo, sitakudanganya. Lakini chini yake kulikuwa na majina mengine, mmoja, mmoja, mmoja, ukurasa baada ya ukurasa, watu wasio na mpwa ofisini.

Nimeandika ripoti upya. Inaanza hivi: "Jaribio halikuwa la kweli, na aliyeliharibu ni mimi." Nimeomba orodha isifungwe, na swali lile liondolewe. Labda watanifukuza, na lori liende kwingine hivyo hivyo. Nikose kazi, na abti akose maji. Sina wa kunihakikishia.

Nimeituma kwa wakuu wote sasa hivi, bado dakika kumi na mbili. Hakuna aliyejibu. Nasikia feni, na viatu vya mtu vinakuja upande huu.

Mungu akurehemu, ayeeyo, na akupanulie ulipolala. Acha niinuke, wanibishie hodi nikiwa nimesimama.

Mjukuu wako wa kwanza